Maswali Mawili Madogo ya Nyongeza

"Mheshimiwa Spika, pamoja na majibu mazuri ya Mheshimiwa Naibu Waziri, nina maswali mawili madogo ya nyongeza."

Anayefuatilia Bunge la Dodoma ameisikia sentensi hii mara nyingi hadi haisikii tena. Majibu yenyewe huenda hayana uzuri wowote. Maswali nayo si madogo hata kidogo. Mara nyingi hayo mawili ndiyo yaliyomtoa mbunge kitandani asubuhi ile. Lakini mbunge mzoefu huitamka bila kupepesa jicho, kama mgeni anayepiga hodi ilhali mguu mmoja umeshavuka kizingiti. Mimi hodi hiyo naipenda. Ikipigwa, naacha ninachofanya na kutega sikio, maana hapo ndipo fundi anapojulikana.

Nasema fundi kwa makusudi. Kipindi cha maswali huwa saa tatu asubuhi, baada ya dua na hati za kuwasilisha mezani, na watu wengi hukiona kama chai kabla ya mlo. Waandishi wa habari wanangoja bajeti. Wananchi wanangoja mtu atakayetishia kushika shilingi ya mshahara wa waziri. Swali halina kelele hizo. Ni sentensi moja au mbili zilizoandikwa mapema, zikapelekwa kwa Katibu wa Bunge, zikakaguliwa, zikapewa namba, zikatumwa wizarani, na siku ya siku zinasomwa kwa sauti ya kawaida na mtu aliyevaa suti ya kawaida. Katiba, katika ibara ya 63, inampa mbunge haki ya kumuuliza waziri jambo lolote la umma lililo chini ya wajibu wake. Haki hiyo wanayo wote. Ufundi wa kuitumia wanao wachache.

Nilianza kusoma Taarifa Rasmi za Bunge, zile tunazoziita Hansard, kwa sababu ya barabara moja: ile inayoacha barabara ya Shinyanga–Mwanza pale Mwigumbi, ikapita Maswa, ikaingia Bariadi, ikashuka Dutwa na kutokea Lamadi karibu na Ziwa Victoria. Urefu wake ni kilomita 171.8. Aliyewahi kupita huko masika kabla ya lami anajua kwa nini watu waliiuliza sana. Usukuma una udongo mweusi wa mfinyanzi ambao wenyeji wanauita mbuga. Kiangazi unapasuka nyufa, mvua ikinyesha unageuka gundi. Pamba inaupenda udongo wa huku, na Simiyu ndiyo mkoa unaoongoza nchini kwa pamba, lakini lori lililobeba pamba haliupendi hata kidogo.

Barabara hiyo haikujengwa mara moja. Ilikatwa vipande vitatu: Lamadi hadi Bariadi kilomita 71.8, Mwigumbi hadi Maswa kilomita 50.3, na kile cha katikati, Maswa hadi Bariadi, kilomita 49.7. Ukizisoma Taarifa Rasmi kwa mfuatano utaona jinsi vipande hivyo vilivyobadilisha namna ya kuuliza. Mwanzoni wabunge waliulizia barabara nzima, nao wakajibiwa juu ya barabara nzima, jibu pana lisiloshikika. Kilipopata fedha kipande kimoja, maswali nayo yakafupika. Aliyeuliza juu ya kilomita 49.7 za Maswa–Bariadi hakuweza tena kupewa habari za Lamadi. Ile nukta saba ilikuwa ndoano.

Busega, huko ziwani, wavuvi wanajua tofauti ya ndoano na kokoro. Kokoro linakokota kila kitu, dagaa, matope na magugu, na sheria inalikataza. Bungeni pia kuna maswali ya kokoro. "Je, Serikali ina mpango gani wa kuboresha miundombinu ya barabara katika Mkoa wa Simiyu?" Nimelitunga mwenyewe, lakini ndugu zake wamejaa katika kila mkutano wa Bunge. Swali la namna hii waziri hulipokea kama zawadi. Mpango upo, daima upo. Serikali isiyo na mpango haijawahi kutokea. Atasoma aya tatu, atataja barabara tano zisizohusiana, atamshukuru Mheshimiwa Mbunge kwa kufuatilia maendeleo ya wananchi wake, na atakaa. Mbunge amepata jina lake katika Taarifa Rasmi. Barabara haijapata kitu.

"Je, ni lini" lina afadhali, kwa kuwa linadai tarehe. Lakini mawaziri walishalizoea, na jibu lake lina njia yake iliyokanyagwa: kazi itaanza kadri fedha zitakapopatikana. Hapo fundi wa kweli ndipo anapoachana na wenzake. Yeye anajua kwamba barabara ya Tanzania hupanda ngazi kabla ya kuwa lami, na kila daraja la ngazi hiyo lina msamiati wake. Kwanza Serikali inatafuta fedha za kufanya upembuzi yakinifu na usanifu wa kina. Kisha upembuzi unaendelea. Kisha usanifu umekamilika na Serikali inatafuta fedha za ujenzi. Kisha zabuni zimetangazwa. Kisha mkataba umesainiwa, mkandarasi yuko eneo la kazi, asilimia kadhaa zimekamilika. Mwenye sikio zuri anasikia jibu na papo hapo anajua barabara yake imesimama wapi. Swali lake haliruki hadi paani. Linauliza daraja linalofuata, hilo tu: kama usanifu umekamilika, gharama iliyokadiriwa ni kiasi gani? Kama zabuni imetangazwa, itafunguliwa lini? Waziri hawezi kujibu hayo kwa shukrani.

Kuna jambo jingine dogo linalowaangusha wengi: kubisha mlango usio wake. Barabara kuu na za mkoa zinasimamiwa na TANROADS, iliyoanza mwaka 2000, chini ya wizara inayoshughulikia ujenzi. Barabara za wilaya, mitaa na vijiji ziko chini ya TARURA, iliyoanza mwaka 2017, ambayo mzazi wake ni wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, TAMISEMI. Ukimuuliza waziri wa ujenzi barabara ya kijiji utaambiwa kwa adabu zote kwamba hiyo si yake. Mjuzi huigeuza kasoro hiyo iwe silaha. Anaanza na TAMISEMI kuuliza kwa nini barabara yake ya wilaya haijapandishwa hadhi iwe ya mkoa. Akiambiwa kwamba maombi hupitia Bodi ya Barabara ya Mkoa, swali lake la nyongeza liko tayari: bodi iliketi lini, na maombi yako wapi sasa?

Maneno nayo yanauma. Chukua wanyamapori. Itilima, Meatu na Bariadi zinapakana na Pori la Akiba Maswa na nchi ya Serengeti, na tembo hawasomi ramani. Mbunge mgeni atasimama aulize ni lini wananchi watalipwa fidia ya mazao yao. Jibu linakuja jepesi kama unyoya: Serikali hailipi fidia kwa uharibifu wa wanyamapori, inalipa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Neno moja, na swali limekufa mikononi. Mjuzi hatasema fidia kamwe. Atazifungua kanuni za mwaka 2011, atakuta kwamba ekari moja ililipiwa kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kulingana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, kwamba mwisho ni ekari tano, na kwamba kifo kilikadiriwa shilingi milioni moja. Ataona pia kwamba aliye karibu na mpaka, yaani yule ambaye tembo wanamfikia kwanza, ndiye aliyepata kidogo. Sasa ana kitu cha kuuliza. Hana haja ya kupandisha sauti. Tarakimu zenyewe zina sauti.

Upande wa barabara neno lenye makali ni hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua eneo la barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Nyumba nyingi zikajikuta ndani bila kuhama. Bungeni kukazaliwa msemo ambao sijui nani aliutangulia, lakini sasa ni mali ya wote: kuna watu walioifuata barabara, na kuna watu waliofuatwa na barabara. Walioifuata wamewekewa alama ya X nyekundu, hawana malipo. Waliofuatwa wana X ya kijani, wanastahili fidia. Kwa hiyo anayetetea nyumba za wapiga kura wake huanza kwa kuuliza rangi. Nimeona wanasheria wakitumia kurasa arobaini kusema jambo ambalo swali la namna hiyo linalisema kwa mstari mmoja.

Nisiwasahau wanaojibu, maana huu ni mchezo wa wawili, na jibu nalo lina ustadi wake. John Magufuli alipokuwa Waziri wa Ujenzi alisifika kwa kutaja kilomita za barabara pamoja na nukta zake bila kutazama karatasi, na hata waliompinga walikubali kwamba kichwa kile kilikuwa daftari. Baada ya 2020 aliyesimama mara nyingi kujibu habari za barabara alikuwa Naibu Waziri, Mhandisi Godfrey Kasekenya. Namna yake ilikuwa nyingine kabisa. Sauti haipandi wala kushuka. Anaijua barabara, anamjua mbunge, anataja inapoanzia na inapoishia, anasema imefikia hatua gani, anakaa. Jibu la hivyo linampa muulizaji anachostahili kwa kipimo cha alichouliza, si zaidi. Ukiuliza ovyo, unajibiwa kwa ufupi wa kukatisha tamaa. Ukiuliza vizuri, unaondoka na tarehe.

Nyuma ya jibu hilo kuna watu ambao hawaonekani kwenye runinga. Swali linashuka, jibu linapanda. Sentensi iliyosomwa Dodoma imeshapigiwa simu Bariadi siku nyingi kabla: ofisi ya TANROADS ya mkoa imeombwa takwimu, halmashauri imeombwa maelezo, mtu amekagua jalada, huenda mwingine amepanda gari kwenda kutazama kalavati. Ndiyo sababu siwaelewi wanaosema maswali ya Bunge ni maneno matupu. Hata swali lililojibiwa vibaya limemfanya ofisa fulani afungue jalada ambalo lisingefunguliwa mwaka huo.

Simiyu, kwa bahati ya aina yake, imekaa pande zote za meza hii. Mkoa wenyewe ni mchanga. Ulizaliwa Machi 2012, sehemu kubwa ukimegwa kutoka Shinyanga, na upande wa Busega ukitoka Magu mkoani Mwanza. Lakini wabunge wake wamepita karibu kila kiti. Andrew Chenge, aliyekuwa mbunge kutoka Bariadi tangu 2005 hadi 2020, aliwahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha Waziri wa Miundombinu hadi alipojiuzulu mwaka 2008. Na baada ya 2015 alikaa kwenye kiti chenyewe, akiwa mmoja wa wenyeviti wa Bunge. Siku alizoongoza yeye, Taarifa Rasmi haisemi "Mheshimiwa Spika", inasema "Mheshimiwa Mwenyekiti." Jirani yake wa Bariadi Mashariki hadi 2015, John Momose Cheyo wa UDP, aliuliza kutoka upinzani, na alijua kuuma na kuchekesha kwa pumzi moja. Luhaga Mpina wa Kisesa alikuwa Naibu Waziri wa mazingira katika Ofisi ya Makamu wa Rais kuanzia mwisho wa 2015, akapanda kuwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi mwaka 2017. Mashimba Ndaki wa Maswa Magharibi akairithi wizara hiyo hiyo mwaka 2020. Stanslaus Nyongo wa Maswa Mashariki alipita madini, na baadaye akapewa unaibu wa mipango na uwekezaji. Mazingira, mipango, miundombinu: mkoa mmoja umejibia yote matatu.

Mpina ndiye anayenivutia zaidi katika hili, kwa kuwa alivuka meza na kurudi. Akiwa waziri, Juni 2018, maofisa wa wizara yake waliingia hadi kwenye mgahawa wa Bunge na rula, wakapima samaki waliokuwa wakipikiwa wabunge, wakakuta walio chini ya kiwango. Mgahawa ukatozwa faini. Wabunge walikasirika, maswali yakamwagika. Miaka michache baadaye yeye mwenyewe akawa kwenye benchi la nyuma, akiuliza mawaziri kwa ukali wa mtu anayejua jalada limefichwa kabati lipi. Juni 2024 Bunge lilimsimamisha vikao 15 kufuatia mvutano wake na Waziri wa Kilimo kuhusu vibali vya sukari. Mvutano ule haukuwa wa swali la asubuhi, nami sitauhukumu hapa. Ninachosema ni kwamba aliyewahi kujibu huuliza tofauti. Anajua wapi jibu huwa na tundu.

Lakini kukalia upande wa kujibu kuna gharama yake, na gharama hiyo hulipwa na jimbo. Waziri au naibu waziri haulizi. Mhandisi Kundo Mathew alichaguliwa Bariadi mwaka 2020, akawa naibu waziri wa mawasiliano, baadaye wa maji. Heshima kwa jimbo, bila shaka. Ila sauti ya Bariadi katika orodha ya maswali ikanyamaza. Mbunge wa namna hiyo humwona waziri mwenzake koridoni, na huenda akapata mengi huko, lakini ya koridoni hayaandikwi na hakuna raia atakayeyasoma. Mkoa unapokuwa hivyo, mzigo wa kuuliza hadharani huwaangukia waliobaki; wakati ule walikuwa wabunge wa Viti Maalum kama Esther Midimu na majirani kama Njalu Silanga wa Itilima. Nawavulia kofia wabunge wa Viti Maalum kwa jambo hili. Hawana jimbo la kulilinda, wana mkoa mzima wa kuulizia.

Sasa kuna barabara moja ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo shule kuu ya kuuliza, kwani ndani yake mazingira, mipango na usafiri vimefungwa fundo moja. Mwaka 2010 Serikali ilikuwa na mpango wa barabara kuu kupitia Natta, Mugumu na Loliondo, na kilomita 53 zake zingekatiza kaskazini mwa Hifadhi ya Serengeti, njia ya nyumbu. Dunia ikapiga kelele. Shirika la kutetea wanyama lenye makao Kenya likaenda Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha, na tarehe 20 Juni 2014 mahakama ikaizuia Tanzania kujenga lami katika kipande kile. Serikali ilikuwa imekwishaiandikia UNESCO mwaka 2011 kwamba kipande hicho hakitawekwa lami. Njia mbadala iliyotajwa ilikuwa ya kuzunguka kusini: Karatu, Mbulu, Haydom, kuvuka Mto Sibiti, kuingia Meatu, kupita Lalago hadi Maswa. Kilomita 389.

Tazama jinsi nyumbu wa kaskazini walivyompa mkulima wa Meatu hoja. Kabla ya hapo barabara ya kusini ilikuwa ombi la watu wa pembeni. Baada ya hapo ikawa sehemu ya ahadi ya nchi kwa walimwengu. Kuuliza "lini mtatujengea" ni kuomba. Kuuliza "Serikali imefikia wapi katika kutekeleza njia mbadala ya kulinda Serengeti" ni kudai hesabu, na kilomita ni zile zile. Daraja la Sibiti lenyewe, mita 82 zinazounganisha Meatu na Mkalama ya Singida, liliulizwa miaka kwa miaka kutoka ng'ambo zote mbili za mto, wabunge wa Simiyu na wa Singida wakipokezana kama watwangaji wawili kwenye kinu kimoja, hadi likapitika. Na mwezi Juni 2023 barabara nzima ya kilomita 389 ikawamo katika zile saba, jumla ya kilomita 2,035, ambazo mikataba yake ilisainiwa Dodoma kwa mpango wa mkandarasi kusanifu, kujenga na kutafuta fedha mwenyewe. Tangu hapo maswali yakabadilika tena: si lini mtasaini, bali mliyosaini yako wapi.

Barabara hiyo hiyo, upande wake wa Manyara, ndiyo iliyomfanya Flatei Massay wa Mbulu Vijijini apige sarakasi ndani ya ukumbi wa Bunge Mei 2022, katika mjadala wa bajeti ya ujenzi. Alitoka kwenye kiti chake, akajipindua na suti yake, watu wakashangilia, video ikazunguka nchi nzima. Sikumcheka. Mtu aliyeuliza vizuri kwa miaka mingi akijibiwa kwamba fedha zinatafutwa, mwili wake una haki ya kusema chake. Ila nikipewa nafasi ya kuchagua, nitachagua kurasa zake za maswali kuliko ule mpinduko. Sarakasi inakumbukwa na watu. Swali linakumbukwa na karatasi, na wizara huogopa karatasi.

Wenzetu wa nje wameijua siri hii zamani. Uingereza, mahali tulipoichukua desturi hii, swali la kwanza kuwekwa katika kumbukumbu liliulizwa katika Baraza la Malodi mwaka 1721. Uganda wana kamati ya Bunge ambayo kazi yake ni kufuatilia ahadi zinazotolewa na Serikali ukumbini, na naionea wivu. Kwetu, mwaka 2008 yaliongezwa maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu kila Alhamisi, nusu saa, bila taarifa. Yanasisimua, sikatai. Lakini ni sera kwa jumla, na wengi huyatumia kutoa hotuba yenye alama ya kuuliza mkiani. Chakula changu kiko kwenye yale ya kawaida, yenye namba.

Ufundi wa mwisho ninaoupenda ni wa mpangilio wa yale mawili madogo. Wasiojua hutumia la kwanza kulalamika na la pili kualika: "Je, Mheshimiwa Waziri yuko tayari kufuatana nami baada ya Bunge hili kwenda kujionea?" Yuko tayari, bila shaka. Nani atasema hayuko tayari mbele ya kamera? Mialiko hiyo ingetimizwa yote, mawaziri wasingelala nyumbani kwao mwaka mzima. Wajuzi hufanya kinyume. La kwanza ni la kukubaliwa, jepesi, la kumfanya waziri athibitishe jambo ambalo tayari limo ndani ya jibu lake. La pili linakanyaga juu ya uthibitisho huo. Chukua mradi wa maji ya Ziwa Victoria kwa Simiyu, ambao Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliuidhinishia euro milioni 102.7 mwaka 2017, Wajerumani wakaongeza kupitia benki yao ya KfW na Serikali ikaweka sehemu yake. Awamu ya kwanza ni Busega, Bariadi na Itilima. Maswa na Meatu zinafuata. Mbunge wa Meatu mwenye akili haulizi maji yatafika lini. Anauliza kwanza: je, Serikali inathibitisha kwamba fedha hizi ziliombwa kwa sababu ya ukame wa mkoa wote? Inathibitisha, maana ndivyo andiko la mradi lilivyosema. Pili: katika ukame huo, ni wilaya gani imeathirika zaidi, nayo iko awamu ya ngapi?

Kisha anakaa. Katika Taarifa Rasmi, kama umebahatika, utaona neno moja ndani ya mabano: *(Makofi)*.

Mwaka 2025 Tume ya Uchaguzi iliongeza majimbo manane nchini, na mojawapo ni Bariadi Mjini. Orodha ya maswali itapata mwombaji mwingine kutoka kwetu. Msomaji wa Somanda, wa Dutwa, wa Mwanhuzi, ukikutana na mbunge wako usimpe barua ya kurasa mbili za malalamiko. Mpe jina la barabara, inakoanzia na inakoishia, kilomita na nukta yake, nani aliiahidi, mwaka gani, na namba ya swali lililojibiwa mara ya mwisho. Mengine atayajua mwenyewe akishasimama.